Nyumba ya Nne ya Kila Mstari

"Afande, mimi sikuja kulia," Mama Driciru alisema. "Mtoto yangu nitamlilia Mungu. Wewe nimekuja kukulilia ufunguo."

Inspekta Stella Kiden alikuwa na faili la mauaji mkononi kwa muda wa saa moja tu. Lilikuwa faili jembamba, na mambo yake yalikuwa manne. Mzee Ayiko, miaka themanini na minne, aliyekuwa mchambuzi wa majani katika kampuni ya tumbaku, alikutwa amekufa nyumbani kwake, nyumba namba ishirini na mbili, Laini ya Tumbaku, upande wa Awindiri, mjini Arua. Kichwa kilikuwa kimegonga ukingo wa saruji. Daktari aliandika kwamba alikufa Jumanne, kati ya saa nane na saa kumi mchana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kutoka nje.

Funguo zilikuwa mbili tu. Mmoja ulikuwa shingoni mwa marehemu, umefungwa kwa uzi. Wa pili ulikuwa mfukoni mwa Jude, mtoto wa mama huyu, kijana wa miaka ishirini na sita ambaye kila siku saa saba alimpelekea mzee chakula. Jumatano alifungua mlango, akamwona, akapiga yowe. Koplo Adrabo akamkamata hapo hapo, sahani ikiwa bado mkononi. Tena Jumapili majirani walikuwa wamewasikia wakigombana. Kesho Ijumaa saa tatu asubuhi Jude alitakiwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na kosa hilo halina dhamana ya kuchezea.

"Ufunguo upi, mama?" Stella aliuliza.

"Ya nyumba yangu, namba kumi. Koplo yako alichukua. Jana nimelala mlango wazi, nimeweka kinu nyuma ya mlango."

Stella alifungua bahasha ya vielelezo. Ndani yake mlikuwa na ufunguo mmoja wa shaba, mzito, wa zamani. Karatasi iliyofungwa pamoja nao ilisema: Ufunguo wa nyumba Na. 22, umekutwa kwa mtuhumiwa.

"Huu?"

"Huo huo."

"Mama, huu ni wa nyumba ya Mzee Ayiko."

"Nani alisema? Huo baba yangu alipewa na kampuni mwaka ya hamsini na nane, mimi sijazaliwa."

Stella alimtazama Adrabo. Adrabo alitazama dirisha. Mtu anayetazama dirisha wakati anaulizwa kwa macho, huyo ana jambo.

"Koplo, sema."

"Afande, huyo mama alisema kitu namna hiyo Jumatano. Alisema ufunguo yake inafungua huku na inafungua kule. Mimi nikaona ni huzuni inamchanganya. Sikuandika."

"Hukuandika!"

"Sikuandika, afande."

"Washa gari."

Laini ya Tumbaku wageni hupita wasiione, maana miti ya mikaratusi imeificha. Kampuni iliijenga wakati tumbaku ya West Nile ilikuwa tumbaku kweli. Mzungu mmoja alichora kwa rula: mistari minane, nyumba sita kila mstari, zote sawa, chumba kimoja cha kulala, kimoja cha kukaa, jiko nyuma, mlango mmoja wa bluu. Hakuna aliyekuwa na nyumba kubwa kuliko mwenzake. Kampuni ilipoondoka iliwaachia wafanyakazi nyumba zao, na watoto wao, na wajukuu, wamo mpaka leo. Mabati yameota kutu na namba za milangoni zimefutika, lakini mistari imenyooka bado, hilo lazima tumpe mzungu yule.

Stella alianza na namba kumi. Ufunguo ukaingia, ukazunguka, kufuli la mlango likaitika. Akatembea hadi namba ishirini na mbili, mistari miwili nyuma, akaondoa utepe wa polisi, akaingiza ufunguo ule ule. Ukazunguka bila kusita.

"Mungu wangu," Adrabo alisema.

"Usimwite sasa. Ulipaswa kumwita Jumatano." Stella aligeuka. "Mama, nieleze polepole. Koplo, andika. Leo utaandika mpaka koma."

Mama Driciru alikaa kwenye kizingiti. "Kampuni ilileta makufuli kwa masanduku. Sanduku moja, mustari moja. Ndani ya kila sanduku makufuli sita, kila moja na ufunguo yake. Lakini masanduku yote ilikuwa sawa. Nyumba ya kwanza ya mustari hii inafunguliwa na ufunguo ya nyumba ya kwanza ya mustari ile. Ya nne na ya nne. Wazee wetu waligundua mwaka ya kwanza tu, mutu mmoja alilewa akaingia kulala kwa jirani."

"Na hawakuiambia kampuni?"

"Kwa nini waiambie? Walikaa chini, wakasema hii iko undugu. Nyumba ya nne zote nane, sisi tunaitana ndugu wa ufunguo. Ndugu wa ufunguo akifiwa, wewe unapika. Akisafiri, unamlishia kuku. Na wakakatazana, mgeni asijue, maana mwizi akijua tumekwisha. Jude yangu ni mtoto wa Laini. Ndiyo maana hakusema. Anakubali kufungwa kuliko kusema. Mimi nikasema, kwa huyu." Alimwonyesha Adrabo kwa kidevu. "Akacheka."

Adrabo aliandika, kichwa chini.

Stella alihesabu kwa vidole. Nyumba ya nne ya kila mstari: namba nne, kumi, kumi na sita, ishirini na mbili, ishirini na nane, thelathini na nne, arobaini, arobaini na sita. Nyumba nane, funguo nane. Kesi ya funguo mbili ilikuwa imekufa, sasa palikuwa na funguo sita za kutafuta kabla ya saa tatu ya kesho.

Wakazipitia moja moja. Namba nne, kufuli jipya la Kichina, ufunguo wa zamani mwenye nyumba alikuwa nao ndani ya kopo la misumari, umegandwa na kutu ya misumari hadi meno hayaonekani. Ishirini na nane ilianguka kwa mvua, na ufunguo wake ulizikwa pamoja na bibi aliyekuwa nao, majirani watatu waliapa waliona. Thelathini na nne, mama mwenye nyumba, Annet, alikuwa hospitali tangu Jumatatu amejifungua, na ufunguo ulikuwa chini ya mto wake huko huko. Adrabo alitumwa kwa bodaboda kuhakikisha, akarudi na jibu ni kweli. Arobaini na arobaini na sita walibadilisha makufuli miaka mingi iliyopita, wakauza shaba ya zamani kwa wanunuzi wa vyuma.

"Imebaki kumi na sita," Stella alisema. "Nani anakaa?"

"Hapana mutu," Mama Driciru alisema. "Iko ya Taban, msimamizi wa tanuri ya kukausha tumbaku. Mukakwa, kabila moja na wewe, wa Kuluba kule Koboko. Alikimbia vita mwaka ya themanini na bibi yake na mtoto, wakapita Kongo, wakaenda Sudan. Hawakurudi. Ayiko alikuwa analinda. Wezi walivunja mlango mwaka ya tisini na sita, Ayiko akaweka kufuli ingine. Akanipa mimi ufunguo moja, akisema mimi nikifa, wewe linda."

"Na Jude?"

Mama alishusha pumzi. "Jude anataka kuoa. Jumapili alimwomba Ayiko ampe kumi na sita akae na msichana yake. Ayiko alikataa. Alisema nyumba iko na mwenyewe. Jude akakasirika, akasema mwenyewe ni mifupa. Hiyo ndiyo ugomvi. Jumatatu alimpelekea chakula, Jumanne alimpelekea, mzee akala, wakacheka."

"Basi sababu ya kuua anayo, afande," Adrabo alisema taratibu. "Na ufunguo anao."

"Anao. Sasa fikiri, Koplo. Wewe umeua mtu. Kijiji kizima kinajua unaingia nyumba ile kila siku. Utafunga mlango kwa ufunguo, ili ukutwe wewe peke yako mwenye ufunguo? Si utauacha wazi, aseme kila mtu mwizi aliingia?"

Adrabo aliandika hilo pia.

"Mwizi naye hafungi, mwizi anakimbia. Mtu aliyefunga mlango ule alifunga kama mtu anayetoka nyumbani kwake." Stella alimgeukia mama. "Ufunguo wa Taban uko wapi?"

"Alienda nao. Wote waliokimbia walienda na funguo zao. Unafikiri utarudi wiki ijayo."

"Jumanne mchana wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa mlangoni kwangu, namenya muhogo toka saa sita mpaka jua inalegea."

"Nani alipita ambaye si wa hapa?"

Mama alifikiri, midomo ikihesabu. "Mutu moja. Mrefu, wa makamo, mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Alisema asalaam aleikum, nikaitika. Alisimama mbele yangu, akatazama mlango nyuma yangu, akanitazama, kisha akaenda. Nikasema labda anatafuta chumba ya kupanga."

"Alikuwa na kitu mkononi?"

"Mkono ulikuwa mfukoni."

Adrabo alikuwa ameacha kuandika. Stella hakumkemea. Kama mama yule asingekaa kwenye kizingiti na muhogo wake siku ile, mlango wa kwanza kufunguka ungekuwa wake.

Mwenyekiti wa mtaa, Aliga, alikuwa mhamiaji wa miaka kumi pale Laini, fundi redio mwenye maneno mengi. Aliposikia mguu wa kushoto, maneno yakapungua.

"Namfahamu. Alikuja mwezi uliopita. Anaitwa Sulaimani, anatoka Kuluba. Alisema baba yake alikuwa na nyumba hapa, lakini hajui namba, alitoka akiwa wa miaka mitano. Afande, kila wiki mutu anakuja na hadithi hiyo. Mimi nikamwambia, nyumba arobaini na nane, milango arobaini na nane, wewe yako iko gani?"

"Akasema nini?"

"Hakusema."

"Wewe ukasema nini tena?"

Aliga alikuna shingo. "Nilisema kwa mchezo tu. Nilisema, kama iko yenu, ufunguo iko wapi? Lete ufunguo, nyumba itakayofunguka, chukua."

"Hukujua habari ya masanduku?"

"Masanduku gani?"

Kumbe ndugu wa ufunguo walikuwa wamemficha hata mwenyekiti wao. Stella alifunga daftari. "Mwenyekiti, Jumatano ulipoona maiti inatolewa, hukumkumbuka mtu huyo?"

"Nilimkumbuka, afande." Sauti ilikuwa ndogo. "Niliona aibu. Na mlishakamata mutu."

Gari la polisi lilishika lami ya Koboko saa saba na nusu. Wakapita Maracha, wakafika Koboko mjini, wakaacha lami na kuingia njia ya vumbi jekundu ya Kuluba. Stella alizaliwa huko, kwa hiyo hawakupotea. Aliuliza mara moja tu, kwa Kikakwa, kwa mwanamke aliyekuwa anageuza mihogo juu ya mwamba, naye akamwonyesha nyumba ya nyasi peke yake mbele ya shamba dogo la simsim.

Sulaimani alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, amevaa kanzu, uso umekonda. Alipoona sare ya Adrabo hakuinuka. Stella alimsalimu kwa Kikakwa, akamwambia yeye ni nani na anatoka wapi, na kwamba lolote atakalosema laweza kutolewa mahakamani. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, Adrabo apate kuandika.

"Kaka, nasikia baba yako alikuwa na nyumba Arua."

"Iko. Hata sasa iko."

"Ulijuaje iko wapi?"

"Baba alifia Yei, kule Sudan. Siku ya kufa aliniita, akanipa ufunguo. Alisema, nyumba ambayo huu itafungua, hiyo iko yetu. Miaka ishirini naweka. Vita hii, vita ile, Yei tukafukuzwa, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Omugo, mwaka jana ndiyo nikapata kurudi huku kwa baba mdogo. Wakanipa shamba hii, ni mawe matupu. Nikasema sasa naenda nyumbani."

"Naomba niuone."

Alimwita mkewe. Mkewe alileta kitambaa cha kijani kilichofungwa mafundo mawili. Stella alikifungua, akatoa kielelezo chake kwenye bahasha, akaweka ufunguo juu ya ufunguo. Meno yalilingana yote. Wa Sulaimani ulikuwa umepakwa mafuta karibuni, na kwenye meno mlikuwa na chembe za rangi ya bluu.

"Jumanne ulifungua mlango gani?"

"Ya baba yangu." Alisema bila kujificha. "Nilijaribu mingi, ile ambayo watu hawakuwa mbele. Mmoja mwanamke ndani aliuliza nani, nikaondoka. Kwingine ufunguo haikuingia kabisa. Halafu mlango moja ikafunguka. Dada yangu, ilifunguka kama siagi! Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Nikaingia."

"Ukakuta nini?"

"Muzee kitandani, amelala. Katika nyumba ya baba yangu, dada. Sisi tumelala chini ya turubai miaka hiyo yote, na mutu analala katika nyumba ya baba yangu! Nikamwamsha, nikamwambia toka. Akasema nyumba iko yake. Nikamwonyesha ufunguo. Akaukamata, akavuta, alikuwa na nguvu muzee yule. Nikamsukuma. Mara moja tu. Aligonga ile saruji. Nilimwita muzee, muzee, hakuitika."

"Kisha?"

"Nikatoka, nikafunga."

"Kwa nini ulifunga?"

Alimtazama Stella kana kwamba swali lile halikuwa na maana. "Nyumba ya baba itaachwaje wazi?"

Mkewe alianza kulia kwa sauti ya chini. Stella alimwacha alie, kisha akamwambia Sulaimani kwamba kuna kijana wa wenyewe yuko rumande kwa ajili ya mlango ule, na mama yake halali.

"Sikujua," Sulaimani alisema. "Wallahi sikujua walikamata mutu. Twende basi. Nisije nikaua wawili."

Maelezo yake ya mwisho yangechukuliwa mbele ya hakimu, hiyo ndiyo sheria, lakini Stella alimpigia mkuu wa kituo simu palepale shambani, akamsomea aliyoandika Adrabo, na funguo, na chembe za bluu. Kabla hawajafika Maracha jibu lilirudi. Jude ameachiwa.

Walifika Laini jua bado lipo, maana Stella alitaka mtuhumiwa aonyeshe mwenyewe, mbele ya mashahidi, ni mlango upi. Watu walikuwa wamejaa kati ya mistari. Hakuna aliyerusha jiwe wala tusi. Jude alikuwa amesimama karibu na mama yake, macho mekundu, mkono wa mama umemshika shati kana kwamba atapeperuka.

Sulaimani alitembea na pingu zake hadi namba ishirini na mbili, akanyoosha kidole. "Huu."

"Andika," Stella alimwambia Adrabo. Kisha akamwambia Sulaimani, polepole, habari za masanduku manane yaliyo sawa. Alimweleza yote, hakuruka kitu. Sulaimani alisikiliza kichwa kikiwa upande, na ilipofika mwisho akatazama safu ile ndefu ya milango.

"Basi hii haiko ya baba yangu?"

"Hapana. Hii ni ya Mzee Ayiko, tangu mwaka wa hamsini na nane. Ya baba yako ni ile, mstari wa mbele. Mama Driciru ana ufunguo."

Hakuna sheria iliyomlazimisha mama yule. Mtoto wake alikuwa amerudi, angeweza kwenda kupika. Alimwachia Jude shati, akatangulia mbele yao hadi namba kumi na sita, akafungua, akasimama pembeni.

Ndani palikuwa na kitanda cha chuma kimetandikwa shuka la bluu. Koti la kaki la kampuni lilining'inia msumarini. Mtungi ulikuwa pembeni na kikombe juu yake, na sakafu ya saruji ilikuwa safi kabisa.

Sulaimani hakuvuka kizingiti. "Nani anakaa humu?"

"Hapana mutu," Mama Driciru alisema.

"Na nani anafagia?"

"Ayiko. Kila Jumamosi. Anabadilisha na maji ya mtungi. Sisi tulimcheka. Alisema Taban ni ndugu yake wa ufunguo, atarudi, na kama si yeye ni mtoto yake."

Sulaimani aliketi chini, pingu zikagonga saruji. Laini yote ilimsikia alipozungumza.

"Hakuniambia."

"Ulimtajia jina la baba yako?" Stella aliuliza.

Alitikisa kichwa. "Nilimwambia tu atoke."

Mama Driciru aliinama, akamwekea mkono begani, mwanamume yule aliyekaribia kumpotezea mtoto.

"Ungesema Taban tu, mwanangu," alisema. "Ungesema Taban, angekuchinjia kuku."